Atakayekufunga Miti

Rafiki yangu anaishi Nairobi na anajifunza kucheza kwenye nguzo. Ile nguzo ya chuma inayosimama katikati ya chumba, unayoipanda na kuizunguka mpaka mapaja yanafanya alama. Kwao wakisikia wanafikiria baa. Yeye anafikiria mabega, mgongo na mshiko. Kabla ya kulipa ada alitembelea madarasa matatu akiwa na maswali yake kwenye simu: Godoro lipo? Mwalimu anasimama wapi mwanafunzi anapoinamisha kichwa chini? Anaomba ruhusa kabla ya kumshika mtu? Waliojifunza kwake zamani wako wapi leo? Nilipomwambia kwamba nimerudi Newala na mimi pia natafuta mwalimu wa nguzo, ila zangu ni mbili, za mti, na zinafungwa miguuni, alicheka sana. Kisha akanitumia maswali yote kama yalivyo.

Watu wengi wanatujua Wamakonde kwa vinyago vya mpingo na kwa sindimba. Sindimba ilipandishwa jukwaani miaka ya 1960, nchi changa ilipotafuta ngoma za kuiita zake, na tangu hapo kila mwenye kiuno anadhani anaijua. Mironjo haina umaarufu huo. Mchezaji hufungwa miti mirefu miguuni, akavikwa nguo ndefu inayoifunika miti yote, akacheza juu ya vichwa vya watu. Katika ngoma ya midimu anavaa na kinyago usoni, siku ya kuwatoa wari jandoni. Tulipokuwa watoto tuliambiwa yule si mtu. Mimi niliamini, na nilikuwa wa kwanza kukimbilia nyuma ya kanga ya bibi. Siku hizi vikundi vya vijana vinacheza mironjo bila kinyago, kwenye sherehe za serikali na mikutano ya hadhara, na kikundi nilichojiunga nacho kilitaka msichana mmoja juu ya miti. Nikasema nitakuwa mimi.

Anayetaka kupanda lazima aelewe kitu kimoja: juu ya mironjo hakuna kusimama. Miguu yako inaishia kwenye ncha mbili tu, na ncha mbili hazikai. Lazima uendelee kukanyaga, hatua ndogondogo, hata unapopumzika. Na hapa kwetu juu ya uwanda ardhi ni mchanga. Mchanga mkavu unameza ncha ya mti. Ukizama mguu mmoja kwa kiasi cha kidole, kiuno kinaenda huko, kichwa kinafuata. Basi mwalimu unayemchagua ndiye unayemkabidhi magoti yako, mikono yako na meno yako ya mbele.

Wa kwanza nilimfuata Masasi mjini. Niliteremka kwa basi la asubuhi, nikampata karibu na stendi, kijana mchangamfu mwenye video nyingi kwenye simu. Alicheza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alitaka shilingi elfu kumi kwa kila siku ya mazoezi, na fulana yenye jina la kikundi chake, hiyo ni lazima. Nikamuuliza: nikianguka je?

“Dada, kwangu huwezi kuanguka.”

Nikamuuliza tena kwa njia nyingine. Akanionyesha video nyingine. Nilirudi Newala jioni hiyohiyo, na njia nzima niliangalia milima ya mawe ya Masasi ikibaki nyuma na kujiuliza mtu anawezaje kufundisha kitu ambacho hajawahi kufikiria mwisho wake.

Wa pili alikuwa fundi kweli. Yupo kijiji kimoja nje ya mji, na wazee wanamtaja kwa kushusha sauti. Nilimwona akicheza na nikaelewa kwa nini: miti ilikuwa kama mifupa yake. Lakini alipoanza kunifundisha hakusema neno. Alinishika kiuno kwa nyuma, akakigeuza kama mtu anayenyoosha mlango. Nilipotoka mikononi mwake alicheka, akasema kiuno cha ngoma hakina mwenyewe. Wasichana wawili waliojifunza kwake walikuwa wameketi kibarazani. Niliwauliza wanaonaje mafunzo. Mmoja alitazama ungo aliokuwa anapepeta, mwenzake akasema, “Mazuri tu, dada.” Swali la nne la rafiki yangu lilijibiwa hapo. Sikurudi.

Naona watu wanachanganya mambo mawili hapa. Kucheza vizuri ni kazi moja na kufundisha ni nyingine, na ngoma yetu ya kiuno isiwe kisingizio cha mkono wa mtu. Bibi yangu alifundisha wasichana unyagoni kwa miaka mingi, mambo ya mwili mtupu, na sijasikia aliyesema alishikwa asipotaka kushikwa. Nilipomsimulia ya yule fundi alisema neno moja tu, la Kimakonde, na sitaliandika.

Wa tatu ni babu mmoja wa mjini Newala, si mbali na Shimo la Mungu, pale ambapo uwanda unakatika ghafla na bonde linaelekea mto Ruvuma. Yeye hachezi tena, goti moja limegoma. Nilimkuta anachambua korosho.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Umeambiwa nini kuhusu mimi?”

Nikasema nimeambiwa anafundisha mironjo. Akaniuliza kama nimewahi kuvunjika mfupa, kama nina kizunguzungu, kama mama anajua nimekuja. Halafu akasema, kabla hata ya kutaja bei: “Miti nitakufundisha. Kinyago sikufundishi, na usiniulize cha ndani ya jando. Si changu peke yangu cha kukupa.”

Niseme ukweli, nilikereka. Nimesoma, nimeandika insha chuoni kuhusu wanawake na siri za wanaume. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akikusanya vitu na kurekodi nyimbo kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Mgeni yule alionyeshwa mengi, mimi mjukuu naambiwa niishie hapa? Nilimwambia hivyo, kwa adabu. Babu alinisikiliza mpaka mwisho, akamenya korosho moja, akanipa. “Unaweza kuwa na haki,” alisema. “Lakini huna mwalimu wa hilo hapa.” Bado sikubaliani naye. Ila yule wa Masasi aliniahidi kila kitu, na huyu alinionyesha ukuta wake uko wapi kabla sijatoa shilingi.

Wiki nzima ya kwanza sikufungwa mti wowote. Nilianguka. Aliniangusha kutoka kwenye benchi, kwenye rundo la majani makavu: magoti kwanza, halafu viganja, kidevu ndani, na usijaribu kamwe kujizuia kwa kwenda nyuma. Wajukuu zake walikuja kutazama na kuhesabu. Wiki ya pili akaleta miti mifupi, inayonifika gotini, mikavu, myepesi, isiyo na fundo. Alinifundisha kufunga kamba mwenyewe, chini ya goti na juu ya kifundo, kwa kitambaa ndani ili isikate. Kila nilipomaliza aliomba ruhusa, akapitisha kidole kati ya kamba na ngozi. Kidole kikipita kwa urahisi, nifungue nianze upya. Kisipopita kabisa, nifungue pia.

Mwezi wa pili nilikuwa kwenye miti ya kimo cha mtu, nikifungwa nimekaa juu ya ukuta wa nyumba isiyoezekwa. Kikundi kikapata mwaliko wa sherehe Masasi, kwenye uwanja, mbele ya viongozi. Nilishatuma picha Nairobi. Asubuhi ya safari nilikanyaga uani mara tano, sita, babu akanyanyua mkono.

“Mguu wa kushoto unausikia?”

Nikasema nausikia.

“Chezesha vidole.”

Vilichelewa. Aliwaita vijana wanishushe, akanifungua kamba mbele ya kikundi kizima, ngoma zikiwa tayari juu ya gari. Kiongozi wetu alimsihi, akataja jina la mgeni rasmi. Babu akasema huyu haendi leo, na akaendelea kuzikunja kamba zangu.

Nilimchukia siku nzima. Kesho yake saa kumi na mbili nilibisha hodi kwake, akanielekeza kwenye benchi na rundo la majani.