Mahali pa Kuegesha

Kabla motokaa haijafika Unguja, neno kuegesha lilikuwa katika vinywa vya mabaharia. Nahodha aliegesha chombo chake penye gati, mizigo ikateremshwa, mingine ikapakiwa, kisha chombo kikajitenga ili kumpisha mwenziwe aliyekuwa akingoja. Aliyetaka kukaa miezi mingi mpaka upepo wa kusi uvume hakuifanya gati kuwa kitanda chake. Alitia nanga mbali, akaja pwani kwa mashua. Hapakuhitajiwa elimu kubwa kuifahamu adabu hii, maana kila mtu aliona kwa macho yake kwamba gati ni fupi na vyombo ni vingi. Neno hili lilipopanda nchi kavu na kupewa motokaa, lilikuja peke yake. Adabu yake ilibaki majini.

Mji Mkongwe wa Unguja si mkubwa. Sehemu iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 ni kiasi cha hekta 96, na mtu mwenye afya aweza kuipita kutoka Malindi hata Vuga pasipo kutoka jasho jingi. Njia zake nyingi zilikatwa kwa kipimo cha mwili wa binadamu na mzigo wa punda. Wachukuzi wawili wakikutana katika kichochoro, mmoja hugeuza bega ili mwingine apite, na salamu hutolewa hapo hapo kwa sababu nyuso zimekaribiana. Motokaa haiwezi kugeuza bega. Kwa hiyo magari hujikusanya pembezoni: Forodhani, Shangani, Vuga, Malindi, na katika barabara ya mashariki ambayo leo ina jina la Benjamin Mkapa. Barabara hiyo imepita mahali palipokuwa na mkono wa bahari uliofukiwa katika karne ya 20, na jina la Darajani lingali likikumbusha daraja lililovuka maji yale. Maji yalikuwa yakijaa na kupwa. Magari yaliyorithi mahali pake hujaa asubuhi, wala hayapwi mpaka jioni.

Wataalamu wa mipango wameutazama mji huu mara nyingi. Lanchester aliandika mpango wake mwaka 1923. Kendall na Mill wakaandika wao mwaka 1958. Na mpango wa hifadhi ulioandaliwa pamoja na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan ukafuata mwaka 1994. Hapana upungufu wa karatasi. Lakini karatasi haiwezi kumwondoa mtu mahali alipozoea, ikiwa mtu huyo hajaona bado nani hulipa gharama ya mazoea yake.

Maalim mmoja mstaafu, mkazi wa mji huo, aliiona gharama hiyo usiku. Alikuwa na gari dogo alilolinunua kwa malipo yake ya uzeeni, na kwa muda wa miaka aliliweka penye mdomo wa kichochoro chake, mahali ambapo njia ya miguu hukutana na barabara. Palikuwa pakimfaa sana. Kutoka mlangoni pake hata gari lake zilikuwa hatua thelathini, na hakuna askari aliyepata kumwuliza neno. Waliopita kwa miguu walijibana ubavuni mwa ukuta, naye aliamini kwamba wamezoea. Kuzoea kwa mnyonge mara nyingi huhesabiwa na mwenye nguvu kuwa ni ridhaa.

Usiku mmoja wa masika jirani yake, bibi wa umri mkubwa, alishikwa na kifua. Wanawe walimpigia simu dereva wa teksi, wakamweka mama yao juu ya kiti, wakambeba katika giza na maji ya mvua mpaka mdomo wa kichochoro. Teksi ilifika, lakini haikuweza kukaribia. Upande mmoja palikuwa na mfereji uliofurika, na upande wa pili palikuwa na gari la Maalim. Vijana walirudi nyuma na kiti chao, wakazunguka kwa njia nyingine iliyo ndefu, wakatokea barabarani upande wa pili, ndipo mgonjwa akapakiwa. Maalim alisikia vishindo, akatoka na kanzu ya kulalia na ufunguo mkononi. Alikuta kichochoro kitupu.

Bibi yule alipona. Siku alipotoka hospitali Maalim alikwenda kumpa pole, akapewa kahawa na haluwa kama desturi. Kijana mkubwa wa nyumba ile alimwambia, "Maalim, tunashukuru kwa kuja kwako." Hakusema zaidi. Lau angalimlaumu, Maalim angalipata la kujibu: kwamba hapakuwa na alama yoyote, kwamba wengine hufanya vivyo hivyo, kwamba mvua haikutarajiwa. Lakini alipewa shukrani, na shukrani isiyostahili ni nzito kuliko lawama.

Kesho yake aliliondoa gari lake mahali pale, akaliweka mbali nje ya mji, akarudi kwa miguu na moyo mwepesi. Siku ya pili alikuta gari la mtu mwingine limesimama penye mdomo wa kichochoro, tena kubwa kuliko lake. Hapo alijifunza jambo ambalo wengi hulijua kwa ulimi tu: wema wa mtu mmoja si mpango wa mji. Nafasi iliyoachwa na mwungwana huchukuliwa na asiyejali, na mwungwana huambulia kutembea.

Kwa kuwa alikuwa mwalimu, alichukua daftari na kalamu. Kwa muda wa juma zima alikaa barazani penye barabara, akaandika gari gani limefika saa ngapi na limeondoka saa ngapi. Alitarajia kuwaona wageni na wateja. Aliyowaona ni wenyeji. Magari mengi yaliyofika mapema asubuhi yalikuwa ya wenye maduka wenyewe na makarani wa ofisi za jirani, nayo hayakusogea mpaka kufunga kazi. Mteja aliyekuja kununua kanga moja alizunguka mara tatu, akakata tamaa, akaenda zake. Mwenye duka alisimama mlangoni akilalamika kwamba biashara imekufa kwa sababu wateja hawana pa kuegesha, na gari lake mwenyewe lilikuwa mbele ya mlango ule ule. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ugonjwa huu si wa Unguja peke yake. Mji wa Oklahoma City huko Marekani uliupata mapema. Watu waliofanya kazi katikati ya mji walishika nafasi zote tangu asubuhi, wateja wakakosa pa kusimama, na wafanyabiashara wakanung'unika. Carl Magee, mwandishi wa magazeti, akapewa jukumu la kutafuta dawa, na tarehe 16 Julai 1935 mashine ya kwanza ya kulipia maegesho duniani ikasimamishwa kando ya barabara ya mji huo. Malipo yalikuwa senti tano kwa saa. Hazikuwa fedha za kumfukarisha mtu, lakini zilitosha kumkumbusha mwenye gari kwamba mahali alipo si pake, na kwamba yuko mtu mwingine anayengoja. Kwa maneno ya pwani, mashine ile ilirudisha adabu ya gati.

Miaka 70 baadaye, mwaka 2005, Donald Shoup, profesa wa Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, alitoa kitabu kinene juu ya gharama ya maegesho ya bure. Hoja yake ni nyepesi kufahamika. Kitu kisicholipiwa na mwenye kukitumia hulipiwa na wengine: na mteja katika bei ya bidhaa, na mpita njia katika moshi na hatari, na mji katika ardhi iliyolala. Shauri lake ni kwamba malipo yapimwe hata katika kila nafasi saba au nane ibaki moja wazi, ili ajaye apate pa kuingia bila kuzunguka. Na fedha zinazokusanywa zitumike katika mtaa ule ule ulizotoka, ili watu waone matunda yake.

Maalim alipoyaeleza haya barazani, palizuka mabishano. Mmoja alisema dawa ni kubomoa nyumba chakavu na kupanua njia. Akajibiwa kwamba mji uliobomolewa ili magari yaufikie hautakuwa na kitu cha kufikiwa. Wa pili alisema lijengwe jumba la ghorofa nyingi la kuwekea magari. Maalim akafungua daftari lake. Gari moja lililosimama hutaka kiasi cha mita 12 za mraba, na ukiongeza njia ya kuingilia na kugeuzia huwa kama 25. Magari mia moja basi yahitaji mita 2,500, yaani robo hekta, kama yote yakiwekwa chini. Na magari ya mji hayaishi mia. Jumba laweza kusaidia likiwa pembezoni, lakini likijengwa huku barabara zikiachwa bure, nani atalipia jumba na hali aweza kusimama mlangoni kwa mtu pasipo malipo? Wa tatu alisema mambo yaachwe kama yalivyo, Mungu atajaalia. Huyu hakujibiwa na mtu. Lakini kila mtu alitazama upande wa mlango wa bibi.

Uko mfano wa mji mdogo uliothubutu. Pontevedra ni mji wa kaskazini magharibi ya Hispania, wenye watu wasiotimia laki moja. Hadi mwaka 1999 mitaa yake ya kale ilisongwa na magari, mengi yakiwa yanazunguka kutafuta pa kusimama. Mwaka huo meya mpya, Miguel Anxo Fernández Lores, alianza kuwarudishia watembeao kwa miguu katikati ya mji. Maegesho yalipelekwa pembezoni na chini ya ardhi, na baadaye mji ukachapisha ramani inayoonyesha dakika ngapi mtu atatembea kutoka mahali hata mahali. Ramani ile ina hekima ndani yake. Mtu huchoka kwa safari asiyoijua urefu. Akiambiwa ni dakika saba, miguu yake hukubali. Mwaka 2014 kazi ya mji huo ilipewa tuzo ya kimataifa na shirika la Umoja wa Mataifa la makazi.

Mji Mkongwe una fadhila ambayo Pontevedra ilibidi kuitafuta: katikati yake imekwisha kuwa ya miguu tangu ilipojengwa. Kazi iliyobaki ni ya pembezoni, nayo yaweza kupangwa kwa daraja. Jambo la kwanza, midomo ya vichochoro iachwe wazi usiku na mchana, ipakwe rangi na ilindwe, maana gari la wagonjwa na gari la zimamoto hayawezi kungoja mwenye ufunguo aamke. La pili, nafasi zilizo karibu na maduka na soko ziwe za muda mfupi na za malipo, isipokuwa chache za wasiojiweza, ziwe zao bila dhiki. La tatu, wenye maduka, makarani na wakazi wenye magari wapewe mahali mbali kidogo kwa bei nafuu, na daladala zipite hapo. La nne, mizigo iwe na saa zake asubuhi, na mahamali na marikwama yaliyoulisha mji huu tangu zamani yahesabiwe kuwa ni sehemu ya mpango, si kero. La tano, fedha zitakazopatikana zizibue mifereji na kuwasha taa katika vichochoro hivyo hivyo, tena hesabu yake ibandikwe ukutani isomwe na kila mtu. Malipo yasiyoonyesha matunda huitwa dhuluma, hata yakiwa ya haki.

Patakuwa na manung'uniko. Mwenye gari ataona kama amenyang'anywa mali yake, kwa kuwa kitu cha wote kikikaa sana mkononi mwa mtu hushika harufu ya mkono wake. Kwa hiyo sheria isimwache mkubwa na kumkamata mdogo. Gari la mheshimiwa likisimama penye alama siku moja na lisiondolewe, kesho yake alama ile itakuwa rangi tu.

Maalim aliliandika shauri lake katika kurasa nne, akalipeleka panapohusika, akaambiwa litatazamwa. Hakuacha kutembea. Jioni moja alikuwa akirudi na kikapu chake cha mboga, akamkuta bibi amekaa kizingitini pake. Hakukaa barazani penye mdomo wa kichochoro, mahali alipopenda zamani, kwa sababu gari la mgeni lilikuwa limepaziba.

"Maalim," bibi akauliza, "siku hizi nakuona kwa miguu. Gari umeliuza?"

"Sikuliuza, bibi. Nimelitia nanga mbali."

Bibi alilitazama gari lile lililosimama mbele ya baraza, akanyamaza kidogo.

"Vyema," akasema. "Basi waambie na wenzako."