Gari Linalochemka Usiku Tu

Haya jamani, leo naweka Java kando niwasimulie kisa cha gari.

Mjomba wangu anaendesha teksi Kilifi, Corolla ya zamani. Mwezi uliopita alinipigia simu. "Mpwa wangu, gari linachemka. Fundi anataka elfu 28 abadilishe gasketi ya hedi." Hizo ndizo zilikuwa karo ya binti yake, na shule zilikuwa zinafunguliwa wiki iliyofuata.

Nikamwuliza swali ninalowauliza wateja wa programu zangu: linachemka lini hasa?

Kimya kidogo. "Usiku. Mchana sindano inakaa katikati tu."

Sasa wewe fikiria. Injini gani hiyo inayotulia kwenye jua la Pwani halafu ichemke usiku?

Jumamosi nikashuka na mita yangu ya umeme, ile ya bei rahisi. Injini ikiwa baridi niliangalia maji ya rejeta: yamejaa. Oili haikuwa na rangi ya maziwa. Basi nikafanya kosa lile lile ninalowakemea vijana kazini: nikanunua sensa mpya ya joto, shilingi 1,500, nikaifunga kabla ya kupima chochote. Taa zikawashwa, sindano ikapanda kama kawaida. Mjomba hakusema neno.

Ndipo nikakaa chini nikafuata nyaya. Ukinzani wa sensa hiyo hupungua joto linapopanda, umeme mwingi zaidi unapita, na sindano inapanda. Sensa inapata athi yake kwenye chuma cha injini. Geji ya dashibodi inapata yake kwenye bodi. Bodi ikizidi injini kwa volti moja hivi, geji inaona joto lisilokuwepo, na hakuna kifaa kilichoharibika!

Tukawasha injini, taa kubwa na feni ya ndani. Ncha nyeusi ya mita nikaiweka kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye chuma cha injini: volti 0.03. Safi. Nyekundu nikaihamishia kwenye bodi: 1.4. Hapo ukiona zaidi ya 0.2 anza kushuku. Tulipozima taa na feni, namba ikashuka karibu na sifuri.

"Hiyo ndiyo gasketi?" mjomba akauliza.

Ilikuwa ni waya wa athi unaotoka kwenye hasi ya betri kwenda kwenye bodi. Hewa ya chumvi ilikuwa imeula, na chini ya bolti kumejaa unga wa kijani. Tukafungua betri, tukasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukakaza kwa spana, tukapaka grisi. Tukapima tena: 0.05. Hata taa ziliwaka vizuri zaidi, na mjomba alikuwa akidhani balbu zake zimezeeka.

Usiku huo alipata abiria wa Malindi. Saa sita akanitumia ujumbe: "Iko katikati." Jumatatu binti yake alirudi shule.

Sensa ile ya zamani ninayo kwenye droo, nzima kabisa.