Virusi Gani Vinavyokula Pesa?

Bei ilikuwa dola 980. Ukiwaandikia ndani ya saa 72 wanakupunguzia nusu, unalipa 490. Maelezo hayo yalikuwa kwenye faili ndogo iitwayo _readme.txt, iliyojirudia ndani ya kila folda ya kompyuta ya mama yangu hapa Kitengela, mwaka wa 2021. Mama aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Kumbe hata wezi wana ofa?"

Faili zenyewe zilikuwepo, ila kila moja ilikuwa imebandikwa herufi nne za ajabu mwishoni mwa jina, na hakuna iliyokubali kufunguka. Picha za harusi ya dada, filamu zangu za enzi za chuo, barua za kanisa. Hizo tungezililia kidogo, tukazoea. Shida ilikuwa faili moja ya Excel. Mama ni mweka hazina wa chama cha akina mama 14, nusu wana vibanda Kitengela, nusu wako Kajiado mjini. Humo ndimo mlikuwa na miaka mitatu ya nani ameweka ngapi, nani amekopa, nani amelipa nusu. Na kugawana pesa za mwaka kulikuwa kumebaki siku tisa.

Virusi hivyo vina jina. Ni familia inayoitwa STOP, wengine huiita Djvu, na haikuwatafuta matajiri. Ilisafiri ndani ya kreki, zile programu za kufungulia Windows na Office bila kulipa. Sasa wewe niambie, mtaani kwetu nani ana Office ya kununua? Kompyuta ni ya mtumba, fundi anakuwekea kila kitu kwa shilingi 500, anakwambia "iko sawa", na kweli inakuwa sawa, mpaka siku haiko. Aliyetuwekea sisi alishika kichwa nilipomwonyesha. Nilimwamini. Naye kreki aliipakua kwenye intaneti kama wenzake wote.

Kusafisha hakukuwa kugumu, kulihitaji tu utaratibu. Kwanza nilizima Wi-Fi. Pili, nilikataza mtu yeyote kuchomeka fleshi, kwa sababu kirusi hiki hujipangia kazi ya kuamka kila baada ya dakika chache kutafuta faili mpya za kufunga. Nilitaka kusoma kwenye kompyuta hiyo hiyo nikakuta kurasa za kampuni za usalama hazifunguki. Kirusi kilikuwa kimehariri faili ya hosts ili kuzizuia. Nikasomea kwenye simu. Huko nikajua kwamba mara nyingi huja na mwenzake wa kuiba nywila, kwa hivyo tulibadilisha za baruapepe zote, kwa simu, usiku huo huo. Halafu nikatoa diski, nikanakili faili zilizofungwa kwenye diski nyingine kupitia mashine ya Linux ya rafiki, ndipo nikaifuta ile ya kwanza na kuweka mfumo upya.

Kuna kifunguzi cha bure cha Emsisoft, kilichotoka Oktoba 2019. Lakini kwa matoleo mapya ya kirusi kinasaidia pale tu faili zilipofungwa kwa ufunguo wa akiba, yaani kompyuta iliposhindwa kufikia seva ya wezi. Kitambulisho cha namna hiyo kwa kawaida huishia na t1. Chetu hakikuishia hivyo. Wi-Fi yetu, ambayo hukatika ukiitazama vibaya, siku hiyo ilikuwa imara.

Lakini wezi hawa wana haraka. Hawafungi faili kubwa yote. Wanafunga takriban kilobaiti 150 za mwanzo na kuacha zilizobaki. Kwa hivyo filamu zangu za kijinga karibu zote ziliokoka, na ile Excel ya kilobaiti 40 ikaenda yote, mpaka herufi ya mwisho.

Kwenye mkutano wa dharura, mama mmoja wa Noonkopir alisema walichokuwa wakifikiria wengi. "Mweka hazina, nisaidie kuelewa. Virusi gani hivi vinavyokula pesa?" Hakuna aliyecheka. Mama alirudi nyumbani, akalala bila kula.

Ni dada yangu aliyekumbuka kwamba Mama hurekodi mikutano, maana huandika polepole. Sauti alikuwa akizihamishia kwenye kompyuta kila simu ikijaa. MP3, megabaiti 60 na zaidi kila moja. Nilikata kilobaiti 150 za mwanzo, nikabonyeza. Sauti ya mwenyekiti ikatokea katikati ya sala: "...na utulinde sisi na biashara zetu." Kilichopotea kilikuwa kama sekunde kumi za maombi. Baada ya amina, kila mwanamke alitaja jina na kiasi chake.

Tulisikiliza siku nne. Mama kwa masikio, dada kwa kalamu, mimi nikilinganisha na jumbe za M-Pesa ambazo kila mwanachama alitutumia. Miezi miwili haikuwa na rekodi, kwa hivyo tulipanda matatu, tukapita Isinya hadi Kajiado, kwa mwanachama mmoja mzee ambaye hajawahi kuamini kompyuta. Alitoa daftari lake chini ya godoro. Alikuwa ameandika michango ya wote, kwa penseli, kwa miaka yote mitatu. Hakutuambia neno. Alitukaribisha chai tu.

Na yule wa Noonkopir? Rekodi ya Machi ilimtoa akisema, kwa sauti kubwa, kwamba amerudisha elfu mbili za mkopo. Daftari la Kajiado lilikubaliana naye. Mama hakuikumbuka hiyo pesa. Alitazama ile namba kwa muda, kisha akampigia mwenyewe, nikiwa nimekaa pale.

"Dada, pesa yako niliiona. Nisamehe, mimi ndiye nilisahau."

Pesa ziligawanywa wiki mbili baada ya tarehe. Hesabu ilikataa kwa shilingi 1,150, na kila mtu akachangia kidogo kuziba. Yule mama wa Noonkopir alihesabu zake mara mbili, akazikunja, kisha akapiga picha ukurasa wa jumla kwa simu yake. Sasa anaupiga kila mwezi, na Mama humsogezea daftari kabla hajaombwa.