Kazi Yoyote

Mpwa wangu amemaliza uhasibu Iringa, akaja kwangu Soweto, hapa Mbeya, kusubiri. Juzi alikuwa ananisaidia kupanga kabati, akaokota nakala ya kaboni iliyochakaa, akaisoma kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba: "Yah: Maombi ya kazi yoyote." Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mjomba, kazi yoyote? Kweli?" Kisha akaikodolea macho. "Na hizi k mbona zote zimeruka juu ya mstari?"

Kabati likaishia hapo.

K zile zilirukia Miyomboni, Iringa, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, alikokaa mzee mmoja na meza, kiti cha mteja na taipureta nyeusi. Siku zote nimekuwa nikisema ilikuwa 1992. Nakala inasema Machi 1991. Haidhuru. Nilikuwa nimetoka JKT Mafinga, nina cheti cha kidato cha sita, nakaa kwa dada Kihesa, na Posta na Simu walikuwa bado wanakula sahani moja.

Mzee alinuka mafuta ya taa. Kila asubuhi alichovya mswaki mkuukuu kwenye kifuniko cha chupa, akasugua herufi moja moja. Harufu ile ilichanganyika na wino wa utepe na maandazi ya mama wa kibaraza cha pili, na mpaka leo nikipita penye jiko la mchina linalozimwa nakumbuka anwani za watu. Baridi ya Juni ilipobana alipasha vidole kwenye kikombe cha chai ndipo akaanza kugonga. Usipomwamkia "kamwene" kwanza, taipureta ilikuwa na hitilafu kutwa nzima. Alikuwa na msimamo wake juu ya lugha pia: "Husika na kichwa cha habari hapo juu" aliikubali, lakini "nina furaha kuomba" alikataa kuichapa. Anayeomba, alisema, furaha kaitoa wapi?

Mbinu yangu ilikuwa wingi. Enzi hizo ukianza kutaja viwanda vya nyanda hizi pumzi inakuishia: saruji ya Songwe, Zana za Kilimo, nguo za Mbeya, karatasi za Mgololo, chai ya Mufindi, na TAZARA na karakana zake. Nilinakili anwani kwenye magazeti na kalenda za ukutani. Barua ilikuwa moja, ila anwani tu ndiyo ilibadilika. Nilituma 37, kwa bahasha za kaki, na kila Ijumaa nilipanda kwenda kuchungulia sanduku la posta la shemeji. Yalikuja majibu mawili, yote ya kusikitika. Niliowaandikia siwataji. Wengine hawapo tena hata wa kutajwa.

Barua ya 38 mzee aligoma. Alichomoa karatasi kwenye mashine, akanirudishia.

"Kijana, barua yako haijui inakokwenda."

Niliudhika, nikamwambia kazi yake ni kuchapa. Hakujibu. Alivuta droo, akanionyesha kwa mbali rundo la nakala, akazifunika kwa kiganja nisizisome. Hati za mauziano, orodha za mizigo, barua za madai. Mimi nilidhani wateja wake wote ni waombaji wenzangu, kumbe wenye malori na wenye mbao wasio na makarani ndio waliokuwa wakimlisha. Alijua nusu ya matatizo ya mji ule kwa kurasa. Siri za wateja hakuzitoa. Alisema tu: "Kaa hapo pembeni wiki moja. Usiongee."

Siku ya tano akaja mwenye mbao kutoka Mafinga, anafoka. Yeye alihesabu vipande, mnunuzi wake akahesabu mita za ujazo, na katikati yao lori zima lilikuwa limepotea. Mzee alinitazama. Nikachukua kalamu na ile bahasha ya 38, nikamkokotolea nyuma yake: mbili kwa nne, futi 12, vipande 53 hivi ndiyo mita moja ya ujazo. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikarudia hesabu. Cheti hakukiulizia. "Jumatatu uje Mafinga," alisema, akageukia madai yake.

Miaka sita nikahesabu mbao za Sao Hill, kisha nikazifuata Mbeya. Viwanda vikauzwa, vingine vikafungwa. Soko la Mwanjelwa likaungua, Njombe ikawa mkoa, Songwe nayo ikawa mkoa. Niliporudi Miyomboni kibaraza kilikuwa steshenari, na kijana mwenye waya masikioni akaniuliza, bila salamu, "Fomu ya nini?" Mzee alikwenda wapi, hakuna aliyejua. Wala mashine.

Na sasa? Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 waliketi Uwanja wa Taifa kwa usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka 2025 TRA ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba zaidi ya 135,000. Mpwa wangu ana maombi 41 kwenye simu. Barua ni moja, anabadilisha jina la taasisi tu, na mara moja alisahau kulibadilisha. Steshenari inamtoza fedha, inabofya, inamwambia tayari. Mtandao unapokea chochote. Haujawahi kumchomolea mtu karatasi.

Nilimsimulia haya yote. Alisikiliza kwa adabu.

"Kwa hiyo mjomba, mimi nikakae kibaraza cha nani?"

Sikuwa na jibu. Nikabwabwaja kuhusu malori ya parachichi yanayopita Uyole kutoka Rungwe.

"Hesabu zao anawaandikia nani?"

"Sijui."

Kesho yake aliamka gizani, akavaa sweta langu, akapanda Kosta ya Tukuyu. Alirudi saa moja jioni, viatu vimejaa tope. Hakuniambia alikofika. Alinywa chai, kisha akaniuliza kreti moja ya parachichi huwa kilo ngapi.