Elfu Mia Tatu na Hamsini: Utata wa Namba Kubwa

Katika madarasa ya isimu tumezoea kufundisha utata wa tungo kwa mifano ya kubuni. Mfano ninaoueleza hapa haukubuniwa. Ulinikuta nyumbani, Bunju, katika kikao cha majirani waliokuwa wakichangia matengenezo ya barabara ya mtaa.

Mtunza hazina wetu, mama mtu mzima, alikuwa ameandika jumla ya michango kwa maneno tu: "shilingi elfu mia tatu na hamsini." Niliombwa niisome. Nikaisoma, kisha, bila kuulizwa, nikaifasiri kuwa 350,000. Fedha zilipohesabiwa zilikuwa 300,050. Minong'ono ikaanza. Mama yule hakupaza sauti, alisema tu, "Mwalimu, hebu soma tena."

Niliporudia ndipo nilipoona kwamba kirai kile kina miundo miwili. Katika muundo wa kwanza, elfu inatawala yote yanayoifuata: 1,000 × (300 + 50), yaani 350,000. Katika muundo wa pili, utawala wa elfu unakoma kwenye mia tatu, na hamsini inajumlishwa nje yake: (1,000 × 300) + 50, yaani 300,050. Kiunganishi na hakituonyeshi mabano yamefungwa wapi. Tulijumlisha upya orodha ya wachangiaji, ikatoa 300,050.

Upungufu tuliomshuku nao ulikuwa 49,950. Namba hiyo peke yake ingetosha kututahadharisha, kwani ni 50 × 999, na si kwa bahati. Namba yoyote k ikiingizwa ndani ya utawala wa elfu badala ya kubaki nje, tofauti huwa 1,000k − k, yaani 999k. Kwa hiyo kila tofauti ya aina hii hugawanyika kwa 999, na vigawo tasa vya 999 ni 3 na 37. Mwizi hana sababu ya kuacha alama kama hiyo. Sarufi huiacha kila mara.

Utata huu haukomi kwenye elfu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania. Kutamka namba hiyo huanza na "milioni sitini na moja," kirai ambacho kimuundo chaweza kuwa 61,000,000 au 60,000,001. Tofauti ni 999,999, yaani 999 × 1,001. Mazoea hutuelekeza kwenye fasiri ya kwanza, lakini mazoea hayohayo ndiyo yaliyonipotosha Bunju.

Kinga ya utata huu tunayo tayari. "Laki tatu na elfu hamsini" haina fasiri ya pili, kwa sababu kila kipashio kimetajwa kwa jina lake. Hata hivyo, kwa miaka mingi nimekuwa nikilikata neno laki katika kazi za wanafunzi wangu, nikilihesabu kuwa la sokoni. Neno hilo, lililotufikia kutoka lugha za Bara Hindi, linafanya kazi ambayo elfu peke yake haiwezi. Nilimwomba mama yule radhi mbele ya kikao kilekile, na laki sasa siikati tena.