Tunaenda kwa Nani?

Kule kwetu Khayega mtu hatembei tu hivi hivi. Ukisema unaenda kutembea, swali linalofuata ni "Kwa nani?" Kutembea ni kwenda kwa mtu: kwa shangazi, kwa jirani aliyejifungua, kwa rafiki mliyesoma naye. Unabeba sukari, unawekewa chai, na ukiondoka unasindikizwa mpaka barabarani. Hii mambo ya kuvaa viatu, ukaenda mahali hakuna anayekujua, ukaangalia vitu halafu ukarudi nyumbani, hiyo mimi niliijulia Nairobi.

Mwanangu alikuja kunitembelea Agosti 2024. Alikuwa na miaka 5, yuko PP2, na shule zilikuwa zimefungwa wiki tatu. Mjomba wake anayekaa Kawangware alitoka naye ushago kwa basi la usiku, nami nikawapokea Kangemi kabla jua halijatoka. Kijana alikuwa amevaa sweta mbili. Aliponiona alininyooshea mkono wa kulia, wa kushoto ukiushikilia kwenye kiwiko, vile watoto hufundishwa kusalimia wageni.

Alienda kukaa na mamangu akiwa na miaka 2. Nilikuwa nimepata kazi ya keshia kwa supamaketi, shifti moja inaanza saa moja asubuhi, nyingine inaisha saa tatu usiku, na pesa ya kumlipa mtu wa kumwangalia mtoto ilikuwa inakaribia nusu ya mshahara. Kwa ploti yetu hapa Mashimoni tuko milango kumi, na kati ya hiyo kumi, minne ina watoto walio ushago. Ni hesabu, na sijawahi kuona mtu akiifanya ikatoa jibu lingine.

Kule Khayega, mamangu ndiye Mama. Mimi naitwa Mama Nairobi. Mwanzoni nililipenda hilo jina, lilikuwa na uzito fulani. Halafu nikagundua shangazi yake anaitwa Anti Eldoret, na binamu yangu wa Mombasa ni Anko Mombasa. Kumbe niko kwa orodha ya watu wanaojulikana kwa mahali walipo, wale ambao hutuma pesa na kupiga simu Jumapili.

Mathe alikuwa amenipigia Julai. "Januari anaingia Gredi 1," alisema. "Mtoto si sufuria ya kuazimana. Akae huku ama akae huko, lakini aanzie shule mahali pamoja. Kaa naye hizo wiki tatu, muone, halafu uniambie." Nilikuwa nishaangalia shule moja ng'ambo ya reli. Nilikuwa nimepiga hesabu ya karo, ya unifomu na ya jirani ambaye angemchukua saa tisa. Ilikuwa inakaribia kutosha.

Siku yangu ya kupumzika ni Jumanne, kwa sababu wikendi ndiyo watu hununua. Kwa hivyo likizo yetu ilikuwa Jumanne tatu. Kwa M-Pesa nilikuwa nimeweka kando 4,500, yaani 1,500 kila safari, nauli na chakula ndani. Kwenye simu, watu wa majuu walikuwa wanapakia picha za majira yao ya joto, watoto wamekaa ufukweni na aiskrimu. Huku Agosti ndiyo baridi haijaisha, asubuhi Mashimoni inakuwa na ule ukungu unaochanganyika na moshi wa makaa, na mtoto wako anaoga kwa karai akilia.

Siku ya kwanza hatukuenda popote. Alizunguka ploti akitafuta mashimo. "Si mnasema hapa ni Mashimoni? Yako wapi?" Nikamwonyesha mtaro. Akasema huo ni mtaro. Nikajaribu kumweleza kwamba hata Kibera yenyewe ni neno la Wanubi, wale askari ambao Waingereza waliwapa makao hapa, na maana yake ni msitu. Akaangalia mabati kutoka juu mpaka chini, mpaka yanapoishia bondeni. "Hakuna miti," akasema. Akaamua kwamba Nairobi inadanganya kwa majina, na kwa siku tatu nikimtajia mahali popote alitaka kwanza kujua kama ni kweli.

Jumanne ya kwanza nilimpeleka Makumbusho ya Reli. Nilichagua hapo kwa sababu treni alikuwa ameshaiona. Reli inapita Kibera katikati, ni ile ile ya zamani iliyofika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, na watu huitembea kama barabara mpaka honi iwaondoe. Tulipanda matatu namba 8, yeye kwa magoti yangu ili nisilipie viti viwili.

"Tunaenda kwa nani?" akauliza tukifika Ngong Road.

"Kwa treni."

Alifikiria hilo jibu mpaka tao. Makumbusho yalifunguliwa 1971 na yako nyuma ya stesheni. Uani kuna magari moshi ya kitambo yamepangwa na unaruhusiwa kupanda. Kuna moja kubwa ajabu iliyopewa jina la mlima, Mount Gelai. Alipanda, akashika vyuma, akapuliza honi kwa mdomo. Lakini kilichomteka ni behewa moja la mbao. Mwaka 1900, pale Kima, ofisa wa polisi anayeitwa Charles Ryall alilala ndani ya behewa hilo na wenzake wawili wakimvizia simba aliyekuwa anawala watu wa reli. Zamu ya kukesha ilikuwa ya Ryall. Usingizi ukamchukua, simba akaingia, akamchomoa kupitia dirishani.

Nilimsimulia nikiruka zile sehemu za damu. Akasimama kwenye dirisha akilipima kwa mikono.

"Simba alikuwa amekuja kwa nani?"

"Kwa huyo Ryall."

"Na mwenyeji alikuwa amelala," akasema, na akatikisa kichwa kama mzee wa kanisa.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa na shifti ya jioni, kwa hivyo asubuhi nilikuwa mlangoni nikifua. Wakapita wageni, Wazungu sita na kijana wa mtaa anayewaongoza. Hao tumewazoea. Wanaletwa kuona Kibera, wanapelekwa kwa mafundi wa shanga na mifupa, wanapigwa picha kwenye reli. Kijana wangu alikuwa hajawahi kuona kitu kama hicho.

"Wamekuja kutembea?"

"Ndiyo."

"Kwa nani?"

"Hawajakuja kwa mtu. Wamekuja kuona."

"Kuona nani?"

Sikuwa na jibu ambalo ningempa mtoto. Hakungoja. Alipangusa mkono kwenye kaptula, akaenda mpaka kwa mama mmoja aliyekuwa na kamera, akamnyooshea ule mkono wake na wa pili kwenye kiwiko. "Karibuni kwa Mama Nairobi," akasema. Yule mama hakuelewa maneno lakini mkono aliuelewa. Aliishusha kamera, akainama, wakasalimiana. Halafu kikundi kikasonga. Kijana akarudi akiwa ameudhika kidogo kwa sababu hawakukaa, na kwa sababu sikuwa nimeweka chai.

Nilisuuza hizo nguo mara mbili nikifikiria. Hakusema karibuni kwetu. Alisema kwa Mama Nairobi.

Jumanne ya pili ilikuwa ya Makumbusho ya Taifa, pale Museum Hill. Hapo uani amesimama Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyekuwa na meno marefu mpaka yakakaribia ardhi. Mzee Jomo Kenyatta alitoa amri mwaka 1970 kwamba alindwe, akawa na walinzi usiku na mchana mpaka akafa kwa uzee 1974. Huyo wa uani ni sanamu ya ukubwa wake halisi, mifupa yake yenyewe iko ndani. Kijana aliridhika kabisa. Hatimaye mahali penye mwenyeji, tena mwenye jina. "Tumekuja kwa Ahmed," alimwambia askari wa lango lililofuata.

Ndani ndiko tulikomkuta Kijana wa Turkana. Kama hujawahi kwenda, nenda. Ni mifupa ya mtoto aliyeishi miaka karibu milioni 1.6 iliyopita, na aliyeigundua ni Mkenya, Kamoya Kimeu, mwaka 1984, kule Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Alianza kwa kuona kipande kidogo cha fuvu kati ya mawe, kipande ambacho wewe na mimi tungekikanyaga tukipita. Wataalamu wanasema mtoto huyo alikufa kabla hajabalehe.

Nilimwambia, huyu alikuwa mtoto kama wewe, mkubwa kidogo tu.

"Ni wa nani?"

"Hatujui."

"Mamake ako wapi?"

"Hawajampata."

Alibandika paji la uso kwenye kioo mpaka kikafanya ukungu. "Labda alienda Nairobi kutafuta kazi," akasema.

Kulikuwa na watoto wa shule nyuma yetu wakisukumana, na mwalimu wao akiwaambia wapige laini. Nilimshika mkono tukawapisha. Nikamnunulia soda na chips, na kwa mara ya kwanza bajeti ya Jumanne ikapita 1,500.

Usiku huo alilala kitandani upande wangu wa ukutani, mguu wake juu ya tumbo langu, na mimi nikarudia hesabu. Karo, unifomu, jirani. Hesabu zangu zote zilikuwa za pesa. Hakuna mahali nilikuwa nimeandika kwamba ningemwona akiwa macho saa ngapi kwa siku.

Jumanne ya tatu tulienda Arboretum, kwa sababu alikuwa bado anadai msitu. Iko karibu na Ikulu, hekta kama 30 za miti. Ilianzishwa 1907, wakati serikali ya mkoloni inajaribu miti ya kigeni kuona ni ipi inakua haraka ya kuchomwa kwenye injini za reli. Nilimwambia hivyo, kwamba miti kama hii ilikuwa chakula cha magari moshi ya kitambo. Akaiangalia kwa heshima mpya. Tulitandika leso, tukatoa chapati tulizofunga nyumbani, ndizi na chai ya thamosi. Aliuliza tumekuja kwa nani, na kabla sijajibu tumbili akashuka, akamnyang'anya ndizi mkononi, akapanda nayo juu akaimenya akituangalia.

Nilidhani atalia. Aliudhika tu. "Mwenyeji anakupa chakula," akamkaripia yule tumbili. "Hakunyang'anyi!" Watu wa leso ya karibu wakacheka, na yeye akacheka, na mimi nikacheka mpaka nikamwaga chai.

Tukiwa bado hapo nilimuuliza. Nilikuwa nimeogopa hilo swali wiki tatu, nikaliuliza nikikung'uta makombo ili lionekane dogo. "Ukianza Gredi 1, ungependa ukae wapi?"

Hakulijibu, ama labda alilijibu kwa njia yake. "Desemba na wewe uje kutembea kwetu," akasema. "Nitakupeleka mahali."

Nilimpigia mathe jioni hiyo. Nilimwambia aanzie shule huko, na nitatuma ya karo kwa wakati. Alinyamaza kidogo. "Umesema vizuri," akasema, halafu akauliza kama kijana amekula.

Desemba supamaketi haina likizo, kila mtu anajua. Nilipata siku nne baada ya Krismasi, Ijumaa tarehe 27 hadi Jumatatu tarehe 30. Nilishuka stegi ya Khayega na kilo mbili za sukari, na yeye alikuwa amesimama kando ya pikipiki na mamangu, amevaa zile sweta zake mbili ingawa jua lilikuwa kali. Hakuninyooshea mkono. Alichukua mfuko wa sukari, ukamlemea, akakataa kusaidiwa.

Alikuwa ameshapanga ratiba, na aliniambia tukitembea. Jumanne ya kwanza ni kwa ng'ombe na ndama mpya. Jumanne ya pili ni mtoni. Jumanne ya tatu ni Ilesi, kwa Jiwe Linalolia. Nikamwambia hizi siku zangu nne hazina Jumanne hata moja. Akanitazama kama mtu asiyeelewa. Kwake yeye Jumanne haikuwa siku ya wiki, ilikuwa jina la siku ya kutoka na mimi. Basi Jumamosi ikawa Jumanne ya kwanza, Jumapili baada ya kanisa ikawa ya pili.

Hilo jiwe nimelipita maisha yangu yote nikienda shule na sokoni: nguzo ndefu ya mwamba, imebeba mwamba mwingine kichwani, na maji yakitiririka kwenye mfereji kama machozi. Sikuwahi kufunga chakula kwenda kuliona. Jumatatu asubuhi, siku yenyewe ya kurudi Nairobi, kijana alinivuta mkono tukapanda kile kilima, chapati mbili zikiwa kwenye mfuko wake wa shule.

"Tunaenda kwa nani?" nikamuuliza.

"Si unaona analia?" akasema, bila kupunguza mwendo. "Tunaenda kumpa pole."