Zawadi za Makka na Madina: Tulete Nini Nyumbani?



Msimu wa Umra umefika, na hapa mtaani kwetu Shimanzi zipo nyumba ambazo masanduku yamekwisha kupangwa mlangoni na jamaa wanamiminika kuaga. Katika kuaga huko huja neno: "Usitusahau." Zamani neno hili lilikuwa ni ombi la dua. Siku hizi aghalabu ni ombi la mzigo. Tumeonelea tuwasimulie wasomaji wetu, hasa mama zetu na dada zetu ambao ndio hubeba lawama za zawadi, kosa tulilolifanya sisi wenyewe. Huenda likamfaa anayejitayarisha.

Mwaka 2014 tulijaaliwa kwenda Umra. Mama wa watoto wetu alibaki nyumbani, naye alituandikia orodha ya majina 43: wakwe, mawifi, majirani, walimu wa madrasa, hata mama muuza mahamri. Hakuandika kwa tamaa. Alijua kwamba atakayekosa hatatulaumu sisi, atamlaumu yeye. Nasi hatukutaka aaibike. Basi jioni yetu ya mwisho Madina, badala ya kukaa katika Msikiti wa Mtume (s.a.w.) baina ya Alasiri na Magharibi, tulizunguka madukani tukinunua miswala, tasbihi na vichupa vya uturi. Adhana ya Magharibi ilitukuta tunapatana bei. Tuliswali nje, nyuma ya safu za mwisho, mifuko iko miguuni. Uwanja wa ndege tukalipia uzito uliozidi, kwa pesa tulizomkopa mwenzetu wa safari.

Wiki ya pili baada ya kurudi, jirani yetu mmoja alikuja na mswala tuliompa na mwingine alioununua mwenyewe Biashara Street. Hakuja kwa ubaya, alikuwa akicheka. Rangi moja, ua moja, na pembeni kijitambaa kilichoandikwa jina la nchi uliyotoka: China. Wa kwake ulikuwa rahisi zaidi. Tulicheka naye, lakini moyoni palituchoma. Sisi watu wa Shimanzi twaishi mlangoni mwa bandari. Usiku twasikia malori ya makontena yakipita. Miswala ya namna ile yapita mbele ya nyumba zetu, nasi tuliifuata Madina, tukaiachia swala.

Hatusemi kwamba ni haramu kununua kitu kilichotengenezwa China. Swala yaswihi juu ya mswala popote uliposhonwa, na Qur'ani imewaondolea lawama mahujaji wanaotafuta fadhila za Mola wao kwa biashara. Swali letu ni jingine: zawadi ya safari yatakiwa ifanye kazi gani?

Jibu tulikuwa tumekwisha kupewa, ila hatukulizingatia. Siku ya pili ya kurudi tulikwenda kumwamkia shangazi yetu. Alikuwa mtu mzima sana, macho yamepoteza nuru, na hakuwahi kujaaliwa kwenda. Tulipomkabidhi mswala aliupapasa, akaunusa, akasema: "Mwanangu, Mungu akulipe. Lakini huu wanukia duka. Hukuniletea kitu cha huko?"

Tulinyamaza kwa haya. Kisha tukakumbuka kwamba ndani ya mkoba wa safari mlikuwa na tende zilizobaki siku ya Alhamisi tuliyofunga, mzee mmoja wa Madina alipotushika mkono akatukalisha kwenye sufra yake msikitini tufuturu. Zilikuwa tano, zimepondeka. Tulimpa, tukamweleza jinsi wenyeji wa mji ule wanavyogombea wageni wa kuwafuturisha. Alikula moja polepole, akalia, akatuuliza yule mzee alikuwa na sauti gani. Alipofariki mwaka uliofuata, tulikuta kokwa tano ndani ya kikopo chini ya kitanda chake. Mswala ulikuwa ungali katika nailoni yake.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Majahazi yalipoingia Bandari ya Kale kwa upepo wa kaskazi yalileta tende na mazulia, na yalipoondoka kwa kusi yalipakia boriti za mikoko. Kila upande uliletewa kile usichokuwa nacho.

Basi anayekwenda Madina na alete ajwa, au safawi kwa mwenye uwezo mdogo. Hizo ni tende za huko. Kilo tano zikigawanywa saba saba zatosha majina 43, na zaidi. Anayetoka Makka, maji ya Zamzam kikombe kimoja kimoja cha kahawa. Anayekwenda kwa jamaa zetu Oman, ubani wa Dhofar. Na tuendapo tusiende mikono mitupu: tumpelekee mwenyeji wetu halwa ya Mombasa, au kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono. Wapo akina mama wengi wa pwani yetu ambao riziki yao imo katika ncha ya sindano.

Kwenu mnaobaki, tuna ombi. Mtume (s.a.w.) aliwausia wanawake wa Kiislamu, jirani asidharau kitu cha jirani yake, hata kikiwa ni ukwato wa kondoo. Basi tende saba zisidharauliwe, wala mke wa msafiri asisengenywe kwa sababu yake. Na anayeandika orodha, aandike kwanza mahitaji ya kuombewa: huyu mgonjwa, huyu anatafuta mtoto, huyu ana deni. Sisi tulinunulia majina 43. Tuliyoyataja kwa dua mbele ya Al-Kaaba hayakufika kumi, na hilo ndilo linalotuliza hadi leo.

Mwenyezi Mungu awafikishe salama wanaokwenda, awakubalie, na awajaalie wasiokwenda bado. Wabillahi tawfiq.